Jani Lililokwenda Ukweni

Marahaba, mwanangu Issa. Naitikia kabla hujaamkia, maana utakapoifungua barua hii utakuwa Chilangala na mimi nitakuwa hapa Mnyambe, na sitaki shikamoo yako ikae hewani bila wa kuipokea.

Naandika nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya jiko. Sebule yangu imetekwa na mama zako wadogo, wanakunja na kukunjua nguo zako zilezile, kila mmoja akidai mwenzake hajui kukunja. Nimeambiwa nikae nje mpaka nitakapohitajika, na kwa ninavyowajua, sitahitajika.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala za kutoomba chumvi kabla hujaonja mboga, wala za kutokaa mlangoni pa jiko la mama mkwe. Hayo mama yako amekuimbia tangu juzi, hata mbuzi wetu wameshayakariri. Mimi nataka turudi kwenye ule ugomvi wa leo mchana, ugomvi wa kifurushi.

Nilikuwekea kifurushi cha jani la kidonda, vipando vyenye mizizi na udongo wake, nimevifunga vizuri kwenye kipande cha kiroba. Ukakitoa kwenye mzigo mbele ya watu, ukakiweka chini kwa vidole viwili kama nepi ya mtoto wa jirani. Ukasema, "Baba, naenda ukweni, siendi kupanda magugu. Watu wa Chilangala wanafagia mpaka chini ya mikorosho. Unataka waseme mkwe wao kaja na nini?" Mama zako wadogo wakacheka. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi kwa hasira nikasema, "Bila magugu hayo wewe usingezaliwa!" Maneno hayo hakuna aliyeyaelewa, na hata mimi nilipoyasikia yakitoka sikuwa na hakika nayo. Nimekaa kwenye ndoo hii nikiyafikiria. Sasa nina hakika.

Jani lenyewe unalijua, umelikanyaga tangu unatambaa. Ni jani la chini, halina makuu. Linatambaa, na kila kifundo chake kikigusa udongo kinatoa mizizi. Lina vinyweleo, na ua lake dogo la manjano lenye vipetali vyeupe limesimama juu ya kikonyo kirefu kama mtu aliyenyoosha shingo kwenye mkutano wa kijiji. Ukijikata kidogo na panga, unalifikicha, unakamua maji yake juu ya mkato, damu inakatika. Kidonda kikubwa ni cha zahanati, hilo nisisikie umelisahau. Na nyuki wanalipenda. Hata mikorosho isipokuwa na ua hata moja, wao wanazungukazunguka pale chini kama wazee kwenye kibanda cha kahawa.

Ninachokitaka ni kimoja. Nataka jani lile lifike Chilangala, liote mahali ambapo utaliona kila asubuhi. Na kinachonitisha ni kimoja pia. Tangu posa ilipokubaliwa umeanza kujikunja, Issa. Umeacha kupiga mluzi. Shati lako jekundu umempa binamu yako, eti linapiga kelele. Juzi nilikusikia ukifanya mazoezi ya kucheka polepole. Unajiandaa kwenda kuishi kwa watu bila kuonekana, na hiyo kazi nimewahi kuifanya mimi. Haina malipo, na mwisho wake ni kichekesho.

Unajua desturi yetu, mwanaume ndiye anayehama. Siku hizi vijana wengi wanaoa wanakimbilia Masasi mjini au mbali zaidi, lakini mkeo Mwanahawa ndiye binti pekee, na mama yake hawezi kuachwa peke yake na shamba la mikorosho. Umefanya vizuri kukubali. Mimi nami niliwahi kukubali. Nilitoka kwetu bondeni, kijiji cha jirani na Lulindi, Myao mwembamba nisiyejua hata baridi ya asubuhi ya huku juu, nikapanda mlima kuja kwa mama yako Zainabu. Hapa Mnyambe nilipokewa na watu wawili wa kuogopwa. Wa kwanza bibi yako Somoe, mama mkwe wangu. Wa pili mjomba wa mama yako, mwenye sauti ya mwisho juu ya ndoa yetu, Mjomba Nantimbo.

Mjomba Nantimbo alinipeleka shambani siku ileile niliyofika. Akanionyesha mikorosho ya ukoo. Chini ya kila mti palikuwa peupe, pamefagiliwa, sisimizi akipita unamwona nyayo. Akavua kandambili moja, akaburuza mguu chini, akautazama unyayo wake, kisha akanitazama mimi.

"Unaona nini?" akauliza.

"Sioni kitu, Mjomba."

"Basi. Na mimi nikija nisione kitu. Shamba la mwanaume ni kama kiganja. Korosho ikianguka, nataka niione kutoka barabarani."

Sasa wewe unajua nini kilitokea, au unadhani unajua. Hadithi uliyoisikia kwangu tangu utoto ni kwamba baba yako, kijana mwenye akili, aliliona jani la kidonda likifaa kufunika ardhi na kulisha nyuki, akalipanda makusudi, akawafundisha watu wa Mnyambe. Ishike hadithi hiyo kwa muda. Tutarudi kuichinja baadaye.

Mvua zilipokwisha, jani lilikuwa limetandaa katikati ya mikorosho ya upande wa kibanda cha shamba kama mkeka. Mjomba akaja kukagua. Akavua kandambili, akaweka mguu chini, mguu ukazama kwenye majani. Akasimama vile kwa muda mrefu, mguu mmoja ndani ya majani, mwingine ndani ya kandambili.

"Nkwe," akasema kwa lafudhi ya huku juu, "nimelewa, au kuna kitu?"

Nilipaswa kusema, samahani Mjomba, nitapalilia kesho. Badala yake nikaogopa, na mimi nikiogopa ulimi unakuwa na digrii. Nikamwambia nimepanda. Nikamwambia ni dawa. Nikamwambia linashika unyevu, linazuia mvua isichukue udongo, na nyuki wakilizoea watakuwa wenyeji hapahapa, mikorosho ikichanua hawatakuja kama wageni. Mengine nilikuwa nimeyaona kwetu. Mengine niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiyasema.

Mjomba akavaa kandambili yake. "Haya, Bwana Magugu," akasema. "Tutaonana korosho zikianguka."

Jina hilo lilifika nyumbani kabla yangu. Mama yako alinipokea mlangoni na ugali, akaniambia, "Karibu Bwana Magugu," halafu akalia. Sikujua kama alilia kwa aibu au kwa kujizuia kucheka. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye, akasema vyote.

Korosho zikaanguka. Hapo ndipo niliposoma kosa langu lote kwa mkupuo, maana niliacha jani lisogee mpaka chini ya matawi. Bibo likiwa jekundu unaliona, sikatai. Lakini mabibo yakaliwa na mbuzi, mengine yakaoza, na korosho zenyewe, rangi ya vumbi, zikazama ndani ya majani kama zimelipiwa kujificha. Mjomba alipeleka habari nyumba kwa nyumba, na asubuhi yake ukoo mzima wa mama yako ulikuwa shambani, wazee kwa watoto, wote wamepiga magoti, wanapapasa. Fikiria, mwanangu. Watu wenye heshima zao, wenye kofia zao, wanatambaa kutafuta korosho kwa sababu ya mkwe mmoja kutoka bondeni.

Sasa hapa lazima nikukumbushe jambo ambalo kizazi chenu mnalichukulia kwa wepesi. Siku zile mkwe na mama mkwe hawakutazamana kabisa. Bibi yako akija kwa njia hii, mimi naingia vichakani. Mimi nikiwa uani, yeye anapita nyuma ya nyumba. Tangu nifike nilikuwa najua kanga zake tu na kikohozi chake. Uso sikuujua. Tuliishi vizuri sana kwa namna hiyo.

Nilikuwa nimepiga magoti chini ya mkorosho mkubwa, ule ulioinamia kibanda. Nimeinamisha kichwa, nazunguka shina upande wa kulia, napapasa. Bibi yako naye alikuwa amepiga magoti chini ya mkorosho huohuo, kichwa chini, anazunguka shina upande wa kushoto. Tukakutana nyuma ya mti. Vipaji vya nyuso viligongana kwa mlio ambao Mjomba Nantimbo, aliyekuwa mti wa tatu, aliuita baadaye mlio wa nazi.

Nikafungua macho, nikamwona mama mkwe wangu, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa mzuri, Issa. Mama yako ametoka kwake. Alikuwa pia anavuja damu juu ya jicho, maana mimi nina kichwa kigumu na yeye alikuwa na ngozi laini. Tukapiga kelele wote wawili. Yeye akajifunika kanga, mimi nikajifunika shati, nikabaki tumbo wazi mbele ya wakwe, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko lile nililokuwa nalikimbia.

Ningekimbia kweli, lakini niliona damu ikichirizika kwenye kanga. Kumsemesha siwezi. Kumgusa ndiyo kabisa. Nikaugeukia mkorosho.

"Mkorosho," nikasema kwa adabu yote, "tafadhali mwambie mama achume hayo majani aliyopigia magoti, ayafikiche, ayakamue hapo panapotoka damu."

Ndani ya kanga ikatoka sauti: "Nkorosho, mwambie huyo ntu kwamba haya majani ndiyo yaliyonileta hapa kwenye magoti."

"Mkorosho, mwambie mama najua. Mwambie nisamehewe. Lakini ayakamue."

"Nkorosho, nwulize, yanauma?"

"Mkorosho, mwambie yanauma kidogo."

"Nkorosho, mwambie ye mwenyewe kichwa chake kinauma sana."

Akafikicha. Akakamua. Damu ikakatika. Ukoo mzima ulikuwa umeacha kutafuta korosho, wamekaa kwenye majani yangu, wanasikiliza mti ukitumwa huku na huku. Sijawahi tena kupata hadhira kama ile.

Mjomba alitoa hukumu palepale: jani ling'olewe lote. Tukaling'oa, tukaliburuta mpaka njiani, tukalitupa. Na hapo watu wa Mnyambe wakafanya kosa lao, wasinisingizie mimi, maana mbegu za jani lile zinaruka na upepo na kila kipande cha shina kina mpango wa kuishi. Mvua iliyofuata lilikuwa kando ya njia yote, kwenye viwanja vya watu, nyuma ya msikiti, na mbele ya mlango wa Mjomba Nantimbo mwenyewe. Tuliling'oa kwenye shamba moja, tukalipanda kwenye kijiji.

Mikorosho ilipochanua mwaka ule, Mjomba akanituma kuita watu waje na majembe tena, kuling'oa jani pale njiani. Tulipofika shambani, tukasimama. Mikorosho ilikuwa inavuma. Nyuki, na wale wadogo wasiouma, na vipepeo, na nzi wa kila ukoo, wakitoka kwenye jani pale njiani wanaingia kwenye maua ya mikorosho, wakirudi. Mjomba akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Majembe yarudi nyumbani. Watu wako kazini." Alikuwa na maana ya nyuki.

Sitakudanganya kwamba korosho za mwaka ule zilitokana na jani. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nayo tulipuliza kwa wakati, na jua lilikuwa la haki. Ninachokijua ni kwamba tangu hapo Mjomba aliniuliza kitu badala ya kunionyesha kitu, na mimi nikaanza kumsikiliza badala ya kujitetea. Tukapatana. Jani likae katikati ya mistari, kwenye jua, mahali linapopenda. Chini ya matawi palimwe na kufagiwa kabla korosho hazijaanza kudondoka, mpaka unyayo wa sisimizi uonekane. Salfa ipulizwe alfajiri, umande ukiwapo, nyuki wakiwa bado wamelala kwao. Yeye alikuwa na haki juu ya kufagia na mimi nilikuwa na haki juu ya jani, lakini ilitugharimu paji la uso la bibi yako kulijua hilo. Wewe ukifika, fagia kwanza. Fagia kama wao, tena uwazidi. Halafu uwe na kitu chako kimoja katikati ya mistari.

Bibi yako alibaki na kovu dogo juu ya nyusi. Na mimi na yeye tuliendelea kutumia mkorosho, maana sasa tulikuwa tumeshaanza kuongea na hakuna aliyejua namna ya kuacha. Jioni alikuwa anakuja upande wake wa shina, mimi nakaa upande wangu. "Nkorosho, nwulize huyo ntu kama kwao wanakula ming'oko." "Mkorosho, mwambie mama viazi hivyo vya porini nimejifunza kuvila hapa." Uani kwake alifagia kila asubuhi, ila fagio lilikuwa likifika kwenye kipande kimoja cha jani karibu na mtungi wa maji, linageuka. Mama yako alipomuuliza, alisema fagio limechoka.

Kisha ukazaliwa wewe. Wanawake walikuwa ndani, mimi nje, kama leo. Bibi yako akatoka amekubeba, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama. Nilianza kutafuta kichaka. Akasema, "Unakimbia wapi, Baba Issa? Pokea mwanao." Hivyo tu, ana kwa ana, kanga ikiwa mabegani. Jina lako na langu niliyasikia kwa pamoja kutoka kwake. Siku hiyo mkorosho ulistaafu. Nililia, mwanangu, na sikujali nani ananiona. Ndiyo maana nilisema leo mchana kwamba bila magugu usingezaliwa. Ungezaliwa, pengine. Lakini ungezaliwa kwa mgeni.

Sasa tuichinje ile hadithi.

Sikulipanda. Kumbe na mimi siku ya kuondoka kwetu mama yangu alinifungia kifurushi, na mimi nilikitoa mbele ya dada zangu nikasema siendi ukweni na majani ya mbuzi. Maneno yako ya leo yalinichoma kwa sababu yalikuwa yangu. Mama yangu hakubishana hata neno moja. Alikichukua kifurushi, akaenda nyuma ya nyumba. Asubuhi nikaondoka na zawadi ya wakwe, kuku wawili ndani ya tenga. Nilipofika hapa Mnyambe nikawakabidhi kuku, nikalikung'uta tenga pembeni ya kibanda cha shamba, nikasahau.

Mvua ikaja. Nikawa nalima kuelekea kwenye kibanda, naona kitu kinatambaa, naona ua limenyoosha shingo. Nikalitambua. Nilikuwa sijasikia Kiyao tangu nifike. Nilikuwa nacheka polepole, kama wewe. Nikainua jembe, Issa, na mkono ukakataa. Nikalizunguka. Kesho yake nikalizunguka tena. Huo ndio ukulima wangu wa kisasa wote, wala usiwaambie watu wa Mnyambe, wameshazoea kuniheshimu.

Nilipokwenda kwetu kumsalimia mama, aliniuliza, "Kuku walifika?"

"Walifika."

"Na matandiko yao?"

Nikamtazama. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua hata kichwa.

Basi, mwanangu. Nimebishana nawe mchana kutwa ukanishinda mbele ya mashahidi, ndipo nikakumbuka kwamba kwetu ugomvi huu haujawahi kuamuliwa kwa maneno. Nitakukosa. Nitausikiliza ule mluzi wako kila jioni na nitasikia mbuzi tu. Barua hii nimemwambia mama yako aishone ndani ya mfuko wa koti lako, usiione mpaka utundike koti kwa mkeo, na kwa hiyo unaisoma kuku niliokufungia wa zawadi ya wakwe wakiwa wameshafunguliwa na tenga limeshakung'utwa. Usihangaike kutazama lilikung'utwa wapi. Matandiko ya kuku yalikuwa na mbegu za kutosha, na mvua hazipo mbali.

Msalimie Mwanahawa, na mama yake mfikishie heshima zangu kwa njia yoyote inayokubalika huko. Na siku moja, Mungu akipenda, utakuwa na mtoto wako naye atasimama mlangoni akikukatalia kifurushi mbele za watu. Usibishane naye. Mtafutie kuku.

Baba yako,
Bwana Magugu